Kuimba Upya Wimbo wa Mwenzio

Mali nyingi za mwanadamu huonekana kwa macho. Shamba lina mpaka, ng'ombe ana alama, nyumba ina mlango. Wimbo hauna mpaka wala mlango. Akipita mtu njiani akausikia, akaenda zake akiuimba, mwenyewe hakupungukiwa na sauti, wala wimbo haukutoka kinywani mwake. Hata hivyo, pana nyakati ambapo mtunzi huona kwamba ameibiwa, na pana nyakati nyingine ambapo huona kwamba ameheshimiwa, ilhali tendo lililofanyika ni lile lile moja: mtu mwingine ameimba wimbo wake. Tofauti ya nyakati hizo mbili inatokana na nini? Hilo ndilo swali la insha hii.

Swali lenyewe lilinijia huko Kimwani, pembe ya kusini ya Wilaya ya Muleba, katika Mkoa wa Kagera, mahali wanapokutana Wahaya na Wazinza. Mwaka 2017 nilikwenda huko kwa kazi ya ofisi, nikaalikwa kutazama ngoma za wanafunzi. Watoto waliimba vizuri, na wimbo uliowachangamsha kuliko zote ulikuwa ule wa Salome. Nilipowauliza wimbo huo umetoka wapi, wakanijibu kwa sauti moja kwamba umetoka Dar es Salaam. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani chini ya mgomba alicheka, akasema: "Waitu, mwanangu, wimbo huo ulikwenda Dar es Salaam kwa basi, sasa umerudi kwa simu, na watoto hawaujui tena." Kisha akawaita wawili watatu karibu yake, akawasahihishia matamshi ya neno moja la Kihaya walilokuwa wakiliimba bila ya kulielewa.

Katika kicheko cha bibi yule hamkuwa na hasira. Alifurahi kwamba wimbo umerudi. Lakini alisikitika kwamba umerudi bila ya jina la nyumbani kwao.

Kurudia ni desturi ya kale

Tusianze kwa kudhani kwamba kuimba wimbo wa mwingine ni kasoro. Fasihi yetu yenyewe imelelewa na desturi hiyo. Katika ushairi wa Kiswahili upo utungo uitwao takhmisi. Mshairi huchukua beti za mshairi aliyemtangulia, akaongeza mishororo yake mwenyewe juu ya ile ya asili, hata kila ubeti ukatimia mishororo mitano. Takhmisi mashuhuri kuliko zote ni ile ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Yeye alizichukua beti zinazosemwa kuwa ni za Fumo Liyongo mwenyewe, akazivika nguo mpya. Msomaji huwasikia washairi wawili kwa mara moja: mmoja anatangulia, wa pili anapokea. Tena jina la utungo lenyewe linatangaza deni, kwa kuwa linamtaja Liyongo. Huyu wa pili hakujificha nyuma ya wa kwanza, wala hakumfuta.

Kadhalika katika taarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950. Baada yake Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliendelea kuziimba nyimbo za Siti kwa zaidi ya nusu karne, hata alipofariki mwezi wa Aprili mwaka 2013. Kila alipoulizwa juu ya nyimbo hizo, alimtaja Siti. Vijana wengi waliozaliwa baada ya santuri za Bombay kuchakaa walimjua Siti kwa kinywa cha Kidude. Hapa kurudia kulikuwa ni kuhifadhi.

Wana wa enanga

Turudi Buhaya. Kabla ya santuri na redio, nchi hii ilikuwa na chombo chake cha kuhifadhi nyimbo, nacho ni enanga. Umbo lake ni kama hori la mti lililochongwa likaachwa wazi. Uzi mmoja mrefu wa mishipa ya ng'ombe hupitishwa huku na huko kutoka ncha moja hata ya pili, ukawa nyuzi kadhaa zenye sauti mbalimbali. Mpigaji hukipakata chombo chake, akakipiga kwa vidole vya mikono yote miwili, huku akisimulia na kuimba. Masimulizi hayo ni tendi za mashujaa na miungu: Kaiyula, Rukiza, Kachwenyanja, na Mugasha mwenye mamlaka juu ya ziwa, upepo na tufani.

Mwaka 1970 mtaalamu wa Uingereza, Ruth Finnegan, alitoa kitabu kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika. Humo alitia shaka kama utendi, kwa maana inayokubaliwa na wataalamu wa dunia, umekuwamo barani humu. Mojawapo ya majibu mazito lilitoka Buhaya. M. M. Mulokozi, mwana wa Bukoba na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha makala mwaka 1983 akiuliza kama waimbaji wa enanga ni wasanii wa tendi, na mwaka 1986 akakamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya tendi hizo. Miongoni mwa waimbaji aliowachunguza ni Habibu Selemani, ambaye utendi wake ulitosha kuonyesha kwamba shaka ile haikuwa na msingi kwa upande wa ziwa Nyanza.

Jambo linalotuhusu hapa ni namna tendi hizo zinavyoishi. Utendi wa Kaiyula haukutungwa na mwimbaji mmoja aliye hai. Kila mwimbaji ameupokea kutoka kwa aliyemtangulia. Lakini haukariri kama mwanafunzi anavyokariri jedwali la kuzidisha. Mifupa ya hadithi ni ile ile, na majina ni yale yale. Nyama anaitia yeye, kwa kadiri ya hadhira iliyoketi mbele yake, saa aliyopewa na pombe iliyomiminwa. Albert Lord, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1960, alieleza habari kama hiyo juu ya waimbaji wa Yugoslavia: kwao kila kuimba ni kutunga tena. Basi kwa wana wa enanga maneno mawili, "kuimba" na "kuimba upya", hayana tofauti kubwa. Asiyeimba upya haimbi kabisa.

Je, hapana wizi katika desturi hiyo? Haukuwapo, na sababu yake ni nyepesi. Hadhira nzima ilijua. Aliyeketi kusikiliza alikwisha kumsikia baba wa mwimbaji, au mwalimu wake, au hasimu wake wa kijiji cha pili. Walipima wenyewe kipi kimepokewa na kipi kimeongezwa. Jina la mwenye wimbo halikuhitaji kuandikwa popote, maana lilikuwa limeandikwa katika vichwa vya waliohudhuria.

Mambo yalibadilika hadhira hiyo ilipotawanyika. Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu katika Tanganyika, na waimbaji waliokuwa wakitunzwa katika ikulu za watawala wakaondokewa na walezi wao. Waliobaki waliimba katika arusi, vilabuni na redioni. Redio ilikuwa neema kubwa, kwa sababu ilimwezesha mtu wa Mtwara kuisikia enanga ya Muleba. Lakini msikilizaji wa Mtwara hakuwa na habari za baba wa mwimbaji wala za mwalimu wake. Yeye alisikia sauti, akataja kabila, akaridhika. Ndivyo jina la msanii lilivyoanza kufunikwa na neno "asili". Wimbo ukiisha kuitwa wa asili, watu hudhani umeota wenyewe kama uyoga.

Mwimbaji wa mashambani na santuri yake

Ili tuone vizuri, natuvuke bahari kidogo. Nchini Marekani uko muziki ambao wenyeji huuita wa mashambani, kwa kuwa asili yake ni wakulima, wachimba migodi na watu wa reli wa majimbo ya kusini. Baba wa muziki huo anahesabiwa kuwa Jimmie Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1897 upande wa Meridian, jimbo la Mississippi. Alifanya kazi katika garimoshi hata kifua kikuu kilipomdhoofisha, akashika gitaa. Mwezi wa Agosti mwaka 1927 alitia nyimbo zake za kwanza katika santuri mjini Bristol, na miaka sita tu baadaye, mwaka 1933, akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Katika muda huo mfupi sauti yake, yenye kuruka ghafula kutoka nene kwenda nyembamba, ilienea duniani.

Mwaka 1969 mwimbaji mwingine wa muziki huo huo, Merle Haggard, alitoa santuri mbili katika jalada moja, zote zikiwa na nyimbo za Rodgers. Haggard alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, akalelewa katika nyumba iliyotengenezwa kwa behewa kuukuu. Wakati huo alikuwa tayari na nyimbo zake mwenyewe zilizompa sifa, wala hakuwa na njaa ya kuazima. Lakini aliona kwamba kizazi chake kinazisahau nyimbo zilizomlea. Basi akaziimba moja baada ya nyingine, na baina yake akatia maneno ya kusimulia maisha ya mwenyewe. Aliyeinunua santuri ile alipata sauti ya Haggard, na pamoja nayo akapata habari za Rodgers.

Nyuma ya heshima hiyo palikuwapo pia sheria. Tangu mwaka 1909 sheria ya Marekani ilikuwa imeweka kwamba wimbo ukiisha kutiwa katika santuri mara ya kwanza kwa idhini ya mtunzi, mtu yeyote mwingine anaweza kuuimba katika santuri yake bila ya kuomba ruhusa, mradi amlipe mwenye haki ada maalumu kwa kila nakala. Ada hiyo ilikuwa senti mbili, na ilidumu hivyo hata miaka ya 1970. Senti mbili ni kitu kidogo, lakini nakala zikiwa laki moja, senti hizo ni dola elfu mbili. Hivyo mlango wa kurudia uliachwa wazi, na mlinzi akawekwa mlangoni.

Lakini hesabu hiyo haikuwa safi tangu mwanzo. Rodgers mwenyewe alikuwa ameokota mengi katika nyimbo za wafanyakazi weusi wa reli, watu waliobeba vyuma na kuimba ili wapate kutumia nguvu zao kwa pamoja. Majina yao hayakuandikwa katika karatasi ya santuri yoyote, na senti mbili hazikuwafikia. Sheria humlinda aliyefika ofisini kwanza, naye aghalabu si yule aliyeimba kwanza. Mwanafunzi na aliweke jambo hili akilini, maana tutalikuta tena kwetu.

Chemirocha

Santuri za Rodgers zilifika Afrika Mashariki pamoja na magramafoni ya wageni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya muziki kwa mashine zake, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Huko alikuta nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers katika ulimi wa Kikipsigis. Wasichana wa Kapkatet hawakumwimba kama mfanyakazi wa reli wa Mississippi. Kwa kuwa walisikia sauti bila ya kuona mwili, walimwaza kuwa ni kiumbe nusu mtu na nusu paa, wakamwita aje kucheza ngoma nao kwa kuruka.

Wako waliozicheka nyimbo hizo kama ujinga wa mashambani. Mimi naziona kuwa ni kazi ya ushairi kamili. Wasichana wale hawakuiga. Walipokea sauti ngeni, wakaipa mwili, wakaikaribisha katika ngoma yao, kwa zeze lao na kwa lugha yao, tena jina la mgeni wakaliweka mbele kabisa, likawa ndilo jina la wimbo. Baada ya hapo kanda za Tracey zilikaa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, zikasikilizwa na wataalamu wa mbali. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya nakala zake kurudishwa Kapkatet, katika miaka ya 2010, nao waliobakia wakazisikia tena.

Malaika na Mbube

Mwendo wa nyimbo kutoka kwetu kwenda ng'ambo ulikuwa na uchungu zaidi. "Malaika", wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko wote duniani, ulivuma kwanza kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika santuri yao ya mwaka 1965, na mwaka 1981 kundi la Boney M. likaurudia huko Ulaya. Ulimwengu mzima uliuimba, na huku nyumbani watu walikuwa bado wanagombania nani mtunzi, maana Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, naye alidai kwamba wimbo ni wake. Fadhili William alifariki Nairobi mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye.

Solomon Linda, Mzulu wa Afrika ya Kusini, aliimba "Mbube" katika santuri mwaka 1939. Wimbo huo ulizunguka Marekani kwa majina na maneno mengine, ukawatajirisha wengi, naye akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2006 ndipo mabinti zake walipofikia maafikiano yaliyowapatia malipo.

Funzo ni lile lile. Wimbo usio na karatasi hugombaniwa, na wimbo wenye karatasi mbovu huwatajirisha wengine.

Kutoka "Maria Salome" hadi "Salome"

Sasa tumefika kwa wimbo wa bibi wa Kimwani. Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji cha Rwongwe, Bukoba. Ngoma alifundishwa na mama yake tangu utotoni. Mwaka 2001 ilitoka albamu yake ya kwanza, "Maria Salome", ambayo wengi waliiita "Chambua Kama Karanga". Sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa ya Kihaya, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Tulikuwa tumezoea kuamini kwamba mwimbaji akitaka kusikika nchi nzima hana budi kuimba Kiswahili, au kuiga mapigo ya Kongo, au kufoka kama vijana wa Marekani. Binti huyu alikuja na ngoma ya kijijini, sauti ya kijijini na lugha ya kijijini. Akapendwa Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, Nairobi, Kigali na Bujumbura. Abiria wa mabasi waliitikia maneno wasiyoyaelewa, kisha wakamwuliza Mhaya aliyeketi karibu nao maana yake ni nini. Swali hilo peke yake lilikuwa somo la utamaduni ambalo hakuna wizara iliyolifundisha kwa wepesi kiasi kile.

Baadaye sauti yake ilififia redioni, kama sauti za wasanii wengi wa mashambani zinavyofifia. Mwezi wa Septemba mwaka 2016 Diamond Platnumz, kijana wa Tandale aliyekuwa amekwisha kujulikana Afrika nzima, alitoa "Salome" akiwa pamoja na Rayvanny. Walichukua kiini cha wimbo wa Saida, wakatia maneno mapya ya Kiswahili na mapigo ya siku hizi. Watu kwa mamilioni waliutazama. Katika muda mfupi watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2001 walikuwa wanaimba sauti ya Rwongwe.

Tupime jambo hili kwa haki. Kwa upande mmoja, wimbo ulifufuka. Waliopenda "Salome" walimtafuta Saida Karoli, wakasikiliza albamu ya kwanza, na mwaka 2017 yeye mwenyewe akarudi na wimbo mpya, "Orugambo", neno la Kihaya lenye maana ya maneno ya watu. Kama ule wa vijana usingalitoka, huenda huu usingalisikika. Kwa upande wa pili, zilipotea nyuzi fulani. Lugha ya Kihaya, iliyokuwa ndiyo mwili wa wimbo, ilibaki kama pambo shingoni. Na katika sehemu nyingi, kama nilivyojionea Kimwani, jina la mwimbaji wa kwanza halikufika pamoja na wimbo.

Kosa hilo la mwisho simwekei msanii. Jina la Saida Karoli lilitajwa sana magazetini na redioni wakati ule. Aliyeshindwa kulibeba mpaka darasani ni sisi, walimu na maofisa wa utamaduni. Watoto wa Muleba wakiimba wimbo uliozaliwa Bukoba wakidhani ni wa Dar es Salaam, kasoro haiko katika simu waliyousikilizia. Kasoro iko katika shule isiyowaambia.

Sheria inasemaje

Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966. Sheria iliyofuata ni ile Namba 7 ya mwaka 1999, na chini yake kikaundwa chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA. Yafaa mwanafunzi ajue kwamba katika wimbo mmoja uliorekodiwa mna haki za watu watatu. Wa kwanza ni mtunzi wa maneno na sauti, ambaye haki yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wa pili ni mwimbaji na wapigaji, wenye haki katika uimbaji wao. Wa tatu ni yule aliyegharimia na kutengeneza kanda. Msanii wa kijijini aghalabu ndiye wa kwanza na wa pili kwa pamoja, lakini kwa karatasi moja aliyotia saini bila ya kuisoma, hujikuta hana hata moja. Tena mtunzi ana haki ambayo haiuzwi kwa fedha, nayo ni kutajwa jina.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana, na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo lililopewa dhamana yake. Lakini hapa pana hatari niliyoitaja juu ya watu weusi wa reli. Tukiharakisha kuita kila wimbo wa kijijini kuwa ni wa jadi, tutamfuta mtu aliye hai. Nyuma ya neno "jadi" mara nyingi yuko bibi mwenye jina, aliyetunga wimbo ule arusini kwa mpwa wake mwaka fulani, na jirani zake wote wanaujua.

Wajibu wa anayeimba upya

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa. Alisikitika kwamba wengi tulijivunia kucheza ngoma za Ulaya na rumba na chachacha, ilhali hatukuzijua ngoma zetu wenyewe. Tangu siku hiyo tumezungumza sana juu ya kufufua utamaduni. Lakini wimbo haufufuliwi kwa hotuba wala kwa kufungiwa kabatini. Hufufuliwa kwa kuimbwa, na kuimbwa hakuna budi kuwa ni kuimbwa upya, kwa kinywa kingine na kwa zama nyingine.

Basi anayeimba upya anadaiwa mambo manne. Kwanza, ataje alikotoa, kama takhmisi inavyomtaja Liyongo na kama wasichana wa Kapkatet walivyomtaja mgeni wao. Pili, ajue maana ya maneno anayoyaimba, kwa kuwa lugha isiyoeleweka kinywani mwa mwimbaji hugeuka kuwa kelele. Tatu, aongeze kitu cha kwake, kama mwana wa enanga. Asiyeongeza kitu amekuwa santuri tu. Nne, alipe kinachostahili kulipwa, kwa aliye hai na kwa warithi wa aliyekufa.

Kwa walimu nina ombi moja, nalo halihitaji fedha. Kila mwaka mpeni kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili kazi ya kuleta wimbo mmoja wa kijiji chake, na pamoja na maneno yake alete mambo matatu: umeimbwa na nani, alifundishwa na nani, na uliimbwa wakati gani. Mkusanyiko huo uandikwe katika daftari la shule. Katika miaka kumi, shule moja ya Muleba itakuwa na hazina ambayo hata vyuo vya ng'ambo havina, na mtu akija kudai kwamba wimbo fulani hauna mwenyewe, daftari litamjibu.

Nilipoondoka Kimwani siku ile, watoto walikuwa wamerudia kuimba. Bibi alikuwa bado ameketi mkekani, akipiga makofi taratibu. Safari hii neno lile la Kihaya walilitamka sawasawa, na mmoja wao, kabla ya kuanza, alisimama mbele ya wenzake akasema wimbo huu ni wa nani.